Nyama Kila Bara, Faida Wapi? Habari za Familia ya Vestey

Mwaka 1978 kampuni ya mabucha ya Dewhurst, iliyokuwa na duka karibu katika kila mji wa Uingereza, ilipata faida ya zaidi ya pauni milioni 2.3. Kodi iliyolipa serikalini ilikuwa pauni 10. Hapana, msikilizaji, hujasikia vibaya. Ni pauni kumi, fedha ambayo mama mmoja angeweza kuiacha kaunta siku ya Jumamosi akinunua nyama ya wiki na mifupa ya mbwa. Habari hiyo ilipotoka katika gazeti la Sunday Times mwaka 1980, Waingereza wengi ndipo walipojua kwamba bucha la mtaani kwao ni mali ya familia moja, na kwamba familia hiyo imekuwa katika biashara ya nyama kwa miaka 100 bila kupenda kutajwatajwa.

Familia hiyo ni ya Vestey. Ukiuliza walikuwa wanafanya nini hasa, utaambiwa ni wauza nyama, na jibu hilo ni kweli ila halitoshi. Walimiliki malisho, walimiliki ng'ombe aliyekuwa akila hapo, walimiliki machinjio, mitambo ya kusindika, maghala ya baridi na meli, na mwisho wakamiliki bucha lililomkatia mteja pande lake. Mwenye ngazi zote hizo hununua kwake na kujiuzia mwenyewe, na bei ya kila ngazi anaipanga yeye. Akitaka faida ionekane kwenye meli, itaonekana kwenye meli. Akitaka bucha lionekane halipati kitu, nalo litalia njaa mbele ya mtu wa kodi. Hapo ndipo penye utamu wa habari hii, na ndipo penye uchungu wake.

Baba wa waasisi wake, Samuel Vestey, alikuwa mtu wa Yorkshire aliyehamia Liverpool na kufanya biashara ya kuagiza vyakula kutoka Marekani. Alijaliwa watoto wengi, lakini wanaotuhusu leo ni wawili: William, aliyezaliwa 1859, na Edmund, aliyezaliwa 1866. Mwaka 1876 William, kijana wa miaka 17, alipandishwa meli kwenda kumnunulia baba yake bidhaa huko huko Marekani. Akafika Chicago, mji uliokuwa ukichinja kuliko mji mwingine wowote duniani. Akaona jambo ambalo mtoto wa muuza vyakula hawezi kulipita hivi hivi. Wanunuzi walikuwa wakigombania mapaja na minofu, na vipande vya hovyohovyo vilivyobaki vilikuwa vikienda kwa bei ya kutupa. Yeye akavinunua hivyo hivyo, akavitia chumvi, akavipika, akavifungia kwenye makopo na kuyapeleka Liverpool. Mdogo wake Edmund alimfuata baadaye kusimamia kazi hiyo, naye akiwa kijana mbichi vilevile.

Kopo lenyewe linastahili dakika moja. Wengi wetu tumelishika: la bati, pembe zake zimeviringwa, upande mmoja mpana kuliko mwingine, na ubavuni pana kijifunguo cha kusokotea ukanda wa bati mpaka kopo liachane. Umbo lile la kupungua halikuwekwa kwa urembo. Mtu aliyeitwa William Wilson alilisajili kama uvumbuzi wake huko Chicago mwaka 1875, mwaka mmoja tu kabla ya kijana Vestey kufika, na maarifa yake ni haya: ukifungua upande mpana na kuligonga kopo kwenye sahani, nyama yote inateleza na kutoka nzima nzima kama tofali kwenye kalibu, tayari kwa kisu. Kabla ya hapo mtu alichokonoa nyama kwa uma na kuambulia mabakimabaki.

Makopo yaliwapa ndugu hawa mtaji, ila utajiri waliuchuma kwenye baridi. Mwaka 1876 mhandisi Mfaransa, Charles Tellier, aliituma meli yake Le Frigorifique kutoka Ufaransa hadi Argentina ikiwa na mashine za kupoza nyama. Miaka sita baadaye, Februari 1882, meli Dunedin iliondoka New Zealand na karibu mizoga 5,000 ya kondoo waliogandishwa, ikafika London baada ya miezi mitatu na nyama ikauzika. Ng'ombe wa Argentina, ambaye kwa vizazi vingi thamani yake ilikuwa ngozi na mafuta, sasa angeweza kuliwa Manchester. William alikwenda mwenyewe Argentina kutazama. Mzigo alioanza nao haukuwa hata wa ng'ombe. Walikuwa kwale waliogandishwa. Mwaka 1890 ndugu hao walikuwa na ghala la baridi Liverpool, na mwaka 1897 wakaandikisha kampuni ya Union Cold Storage. Wengine walikuwa bado wanabishana kama nyama ya barafu ni chakula cha watu wa heshima. Wao walikuwa wanahesabu vyumba.

Kisha wakaenda China. Katika miji ya Hankou na Nanjing walikusanya mayai kutoka kwa wakulima, wakayavunja, wakayagandisha au kuyakausha, na kuyapeleka Ulaya kwa waoka mikate na keki. Tatizo likawa usafiri. Wenye meli walitoza walivyotaka, na shehena ya barafu haiwezi kukaa bandarini kusubiri bei ishuke. Mwaka 1911 ndugu hao wakamaliza ubishi kwa kuanzisha kampuni yao ya meli, Blue Star Line. Ilijulikana kwa mbali baharini kwa dohani lake jekundu lenye duara jeupe, na ndani ya duara nyota ya buluu. Sasa mayai ya China na nyama ya Argentina vilipanda meli ya mwenye mali, na nauli ikaingia mfuko ule ule.

Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta wakiwa matajiri na ikawafanya matajiri zaidi, kwa kuwa askari walioko mahandakini walikuwa wakilishwa nyama ya makopo na ya barafu. Vita hiyo hiyo ikaja na jambo wasilolipenda. Serikali ilikuwa inahitaji fedha, ikapandisha kodi ya mapato na kupanua mkono wake mpaka kwenye faida iliyopatikana ng'ambo. Ndugu hao waliomba wafikiriwe kwa namna ya pekee. Hoja yao ilikuwa kwamba washindani wao wakubwa, akina Swift na Armour wa Chicago, hawabebi mzigo wa namna hiyo, hivyo kodi ya Uingereza itawaua sokoni. Serikali ikakataa. Mwaka 1915, vijana wa nchi yao wakiwa wanakufa Ufaransa na Gallipoli, William na Edmund walifunga virago na kuhamia ng'ambo, wakafanya makao yao Buenos Aires.

Tuwatendee haki: hoja yao ya kibiashara ilikuwa na mashiko. Lakini wakati waliochagua kuitimiza ulikuwa wa aibu, na hata kwa kipimo cha matajiri wa enzi ile watu walishangaa.

Vita ilipokwisha walirudi kwa tahadhari. William alifika mbele ya Tume ya Kifalme ya Kodi ya Mapato na kueleza waziwazi, kama mwalimu anayefundisha hesabu, kwamba yeye akichinja ng'ombe Argentina na kumuuza Hispania, serikali ya London haina njia ya kupata hata senti katika biashara hiyo. Wakuu wa tume walimsikiliza. Hawakumpa alichotaka, lakini yeye alikuwa ameshapata wazo. Mwaka 1921 familia iliunda mfuko wa amana mjini Paris. Mali zao za ng'ambo, yaani machinjio, mitambo, maghala na ranchi, zilikodishwa kwa kampuni yao wenyewe ya Union Cold Storage, na kodi ya pango, pauni 960,000 kwa mwaka, ikalipwa kwa wadhamini wa mfuko huo Paris. Kwa maana hiyo kampuni ya London ilionekana ina mzigo mkubwa wa pango na faida kidogo, na fedha ya Paris haikuwa mapato ya mtu yeyote anayeishi Uingereza. Maofisa wa kodi walipokuja kung'amua na kwenda mahakamani, kesi ilifika hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya nchi. Mwaka 1949 familia ilishinda. William alikuwa ameshafariki tangu 1940. Edmund aliishi hadi 1953.

Uingereza nayo ilikuwa na mambo yake ya mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1922, miaka michache tu baada ya kukimbia kodi ya vita, William alipewa u-lodi kwenye orodha ya heshima ya Waziri Mkuu Lloyd George. Kelele zilipigwa bungeni na magazetini, kwani ilikuwa siri ya wazi kwamba vyeo vile vina bei na kwamba chama cha Waziri Mkuu kinajua bei hiyo. Mfalme George wa Tano mwenyewe aliudhika na orodha ile. Mwaka 1925 ikabidi Bunge litunge sheria ya kuharamisha uuzaji wa heshima za taifa. Sheria haikumvua mtu cheo. Muuza nyama wa Liverpool alibaki Lord Vestey, na wanawe wakarithi.

Kufikia hapo familia ilikuwa na mabucha zaidi ya 2,000 nchini Uingereza, mengi yakiwa na majina ya wamiliki wa zamani ili mteja aone kama bado anamnunulia fundi wake wa mtaani. Dewhurst lilikuwa mojawapo ya majina hayo.

Mwaka 1924 wakanunua kiwanda ambacho jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye makopo ya nusu ya dunia: Fray Bentos, ukingoni mwa mto Uruguay. Kiwanda hicho kilianza miaka ya 1860 chini ya kampuni ya Liebig, iliyotumia kanuni ya mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig ya kuchemsha nyama mpaka ibaki uji mzito wa supu. Mwaka 1883 taa za umeme ziliwaka kiwandani hapo kabla hata ya mji mkuu, Montevideo, kuziona. Akina Vestey wakakipa jina jipya, Anglo. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya, waligawana kazi kwa namna ya kutisha kidogo: huyu anagonga kichwa, huyu anachuna, huyu anapasua kifua, huyu hana kazi nyingine maisha yake yote ila kutenga utumbo. Nyama ilikwenda kwenye makopo, mafuta kwenye sabuni na mishumaa, mifupa na damu kwenye mbolea, kwato kwenye gundi. Wenyeji wa pale wana msemo kwamba kilichopotea ni mlio wa ng'ombe tu. Katika mwaka 1943 peke yake zaidi ya makopo milioni 16 yalitoka hapo kwenda kulisha majeshi ya Washirika. Kiwanda kilifungwa 1979, na mwaka 2015 UNESCO ikakitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mashine zipo mahali pake, na ndoano za mizoga bado zinaning'inia.

Tusichanganye hapa, msikilizaji, Liebig na Vestey ni watu mbalimbali. Ila Liebig, baada ya kuwauzia Vestey kile kiwanda cha Uruguay, hawakuacha biashara, na njia yao ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1938 walikuwa na kiwanda Athi River, Kenya. Kiwanda kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi, na serikali ya kikoloni ilikuwa tayari ikisema Wakamba wana mifugo mingi kuliko ardhi yao inavyohimili. Ng'ombe wakaanza kukamatwa Machakos na kupigwa mnada kwa nguvu. Wakamba, wake kwa waume, wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Serikali ilirudi nyuma katika jambo la ng'ombe, lakini Mbingu mwenyewe akafukuziwa Lamu. Leo mtaa wenye jina lake unapita kando ya City Market ya Nairobi, penye mabucha chungu nzima. Watu wa Dar es Salaam nao wanawajua Liebig bila kuwajua: ndio walioingia ubia na serikali katika Tanganyika Packers ya Kawe. Kiwanda kilisimama zamani, lakini uwanja wake unatajwa kila kukiwa na mkutano wa siasa au ibada kubwa.

Turudi Argentina, maana huko ndiko akina Vestey walikokaribia kufichuliwa, na kwa gharama ya damu.

Mwaka 1933 Argentina na Uingereza zilitia saini mkataba wa biashara unaojulikana kwa majina ya waliousaini, Roca na Runciman. Uingereza iliahidi kuendelea kununua nyama ya Argentina. Kwa upande wake Argentina ilikubali asilimia 85 ya nyama hiyo ipitie kwenye kampuni za kigeni, Anglo ya akina Vestey ikiwemo. Wafugaji wadogo wakalalamika kwamba kampuni hizo zinawapa bei ya kuwakandamiza huku zikilia hasara. Seneta wa Santa Fe, Lisandro de la Torre, mwanasheria mzee mwenye ndevu na ulimi mkali, akataka jambo moja lililoonekana dogo: vitabu vya hesabu. Gharama halisi ya kuchinja na kusindika ng'ombe mmoja ni kiasi gani, na faida halisi ni kiasi gani?

Anglo ikasema vitabu havipo. Kamati ya Seneti ilipopata fununu, walinzi wa bandari walipanda meli Norman Star ya kampuni ya Blue Star, iliyokuwa inajiandaa kuondoka Buenos Aires. Ndani yake wakakuta makasha yaliyoandikwa kwamba yana nyama ya makopo. Walipoyafungua, hamkuwa na nyama. Mlikuwa na vitabu vya hesabu. Meneja wa kampuni akawekwa ndani kwa muda, na de la Torre akapata silaha aliyokuwa anaitafuta.

Mjadala ulipofika Seneti katikati ya mwaka 1935 alizungumza siku baada ya siku, mezani pake pamejaa takwimu, akiwashambulia mawaziri wawili, wa kilimo na wa fedha, kwa kuwalinda wenye viwanda. Julai 23 maneno yakageuka kuwa mikono. De la Torre alisukumwa akaanguka. Rafiki yake Enzo Bordabehere, seneta mteule ambaye alikuwa hata hajaapishwa, alikimbia kumsaidia. Mtu mmoja aliyekuwa zamani polisi, Ramón Valdés Cora, akafyatua bastola mle mle ukumbini, na risasi zikampata Bordabehere. Alikufa siku hiyo hiyo. Hakuna anayedai kwamba akina Vestey walimtuma muuaji. Siasa za Argentina zilikuwa na wauaji wa kutosha bila kuagiza kutoka ng'ambo. Lakini uchunguzi ulipoa baada ya hapo. De la Torre alijiuzulu useneta, na Januari 1939 akajiua kwa risasi nyumbani kwake. Vitabu vile vimesomwa na wanahistoria zaidi kuliko walivyovisoma waliopaswa kuvichukulia hatua.

Vita ya pili ilizamisha meli nyingi za Blue Star. Iliyoumiza zaidi ni Arandora Star, iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani Julai 1940 ikiwa imebeba Wataliano na Wajerumani waliokamatwa Uingereza kama raia wa nchi adui. Zaidi ya watu 800 walikufa.

Sasa twende kaskazini mwa Australia. Akina Vestey walijitosa huko kuanzia 1914, wakanunua ranchi kubwa kubwa, Wave Hill ikiwa mojawapo, na kujenga kiwanda kikubwa cha nyama mjini Darwin. Kiwanda kilianza kazi 1917 na kufungwa 1920, baada ya vurugu na wafanyakazi na gharama zisizokwisha. Ranchi ziliendelea. Kazi ya kuchunga, kupanda farasi na kupiga chapa ng'ombe ilifanywa na wenyeji asilia wa nchi ile, Wagurindji, kwenye ardhi iliyokuwa yao kabla hajafika ng'ombe yeyote. Malipo yalikuwa unga, majani ya chai, sukari, tumbaku, nyama kidogo ambayo mara nyingi ilikuwa mifupa, na vijisenti. Miaka ya 1940 kampuni ilikuwa na wasiwasi kwamba wafanyakazi wanapungua, ikawaajiri wanaanthropolojia wawili, mume na mke, Ronald na Catherine Berndt, wachunguze sababu. Walichokuta kambini kiliwatia kichefuchefu: vibanda vya mabati na magunia ambamo mtu anaingia kwa kutambaa, maji machafu, na watoto wachache kuliko inavyotarajiwa. Waliandika waliyoyaona. Mwajiri wao hakuifurahia ripoti, na ilikaa miaka 40 kabla ya kuchapishwa kama kitabu.

Agosti 1966, Vincent Lingiari, mzee wa Kigurindji aliyejua ng'ombe kuliko mameneja wake, alisimama na kuondoka Wave Hill. Watu wapatao 200 wakamfuata, wachungaji, watumishi wa majumbani na familia zao, na hatimaye wakapiga kambi kwenye kijito cha Wattie Creek, kwa jina lao Daguragu, wakakaa. Mwanzoni watu wa mjini walidhani ni mgomo wa mshahara. Baraza la kazi lilikuwa limeshakubali kwamba mchungaji mweusi alipwe sawa na mweupe, ila likawapa wenye ranchi muda hadi mwisho wa 1968 wa kujiandaa. Kampuni ilituma watu na ahadi ya nyama na nyongeza, Wagurindji hawakurudi. Mwaka 1967 wakampelekea Gavana Mkuu barua ya kudai ardhi yenyewe. Walikaa pale karibu miaka tisa. Agosti 16, 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alikuja, akachota mchanga mwekundu na kuumimina kwenye kiganja cha Lingiari, ishara ya kurudishiwa kilomita za mraba 3,236. Mzee alikuwa ameshaanza kupoteza nuru ya macho. Mwaka 2020 Mahakama ya Shirikisho ikawatambulia Wagurindji haki zao za asili katika eneo jingine kubwa la ranchi hiyo ya Wave Hill.

Nyumbani Uingereza dola lao lilikuwa linabomoka kwa sababu za kawaida kabisa. Mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo wa 1967 hadi 1968, ulioshukiwa kuletwa na nyama ya kondoo wa Argentina, uliibana biashara ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1973 Uingereza ikaingia katika Jumuiya ya Ulaya, na nyama ya mbali ikawekewa vikwazo. Makontena yenye baridi yakaifanya meli yoyote iweze kubeba kile ambacho zamani kilihitaji meli ya Vestey. Na mama wa Jumamosi akahamia supamaketi, ambako nyama imekwishakatwa na kufungwa plastiki.

Ushindi wao dhidi ya kodi ndio uliodumu muda mrefu zaidi. Mwaka 1979 walishinda tena katika Baraza la Malodi. Mwaka uliofuata ndipo ikatoka ile habari ya pauni 10, kazi ya mwandishi Phillip Knightley na wenzake, na Bunge likabadili sheria 1981. Edmund wa kizazi kile, mjukuu wa Edmund wa kwanza, alipoulizwa na waandishi alijibu bila kupepesa macho kwamba hakuna mtu anayelipa kodi kuliko anavyolazimika, na kwamba kila mmoja wetu anakwepa. Ni jibu la mtu ambaye hajawahi kukatwa kodi kwenye bahasha ya mshahara.

Mwaka 1995 kampuni yao kubwa ya nyama, ikiwa imezama kwenye madeni ya mamia ya mamilioni, iliwekwa chini ya mfilisi. Mabucha ya Dewhurst yaliyosalia yalinunuliwa na wasimamizi wake, nayo yakafungwa 2006. Blue Star iliuzwa 1998. Familia haikulala njaa. Lord Vestey wa tatu, Samuel, aliyerithi cheo akiwa mtoto wa miaka 13, alikuwa Msimamizi wa Farasi wa Malkia Elizabeth kuanzia 1999 hadi 2018, akipanda farasi nyuma yake kwenye gwaride. Rafiki zake walimwita Spam, jina la nyama ya kopo ya Kimarekani ambayo hata haikuwa ya kwao. Alifariki 2021.

Kipande kikubwa cha mwisho kilikuwa Venezuela, ambako walikuwa na ranchi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya Hugo Chávez ilianza kuzinyemelea 2005 ikisema karatasi za umiliki hazijakamilika, na mwaka 2011 ikatwaa zilizobaki. Familia, ambayo kwa karne nzima ilikuwa hodari wa kueleza kwa nini mali yake haiko Uingereza, ilifika kwenye baraza la usuluhishi wa uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia, Washington, kama kampuni ya Kiingereza inayolindwa na mkataba kati ya Uingereza na Venezuela. Aprili 2016 wasuluhishi wakaamua kwamba ilipwe takriban dola milioni 98.